Bawa Safi au Usiruke: Ushauri kwa Mgeni wa Baridi

Rubani aliyejifunzia Wilson au Arusha ana taratibu zake za asubuhi. Anaizunguka ndege, anachota mafuta kidogo chini ya tangi kuangalia kama yana maji, anatikisa flapu, anachungulia mrija wa kipimamwendo asije akakuta mdudu amejenga ndani. Barafu haimo katika ukaguzi huo, na kwa kawaida haina sababu ya kuwamo. Siku atakapopata nafasi ya kusoma au kufanya kazi Canada, Minnesota au Finland, taratibu hizo zote aende nazo, ila aongeze moja iliyo nzito kuliko zote: bawa lisilo safi haliruki. Asihesabu kwamba litaruka kwa taabu. Ahesabu kwamba haliruki.

Makala hii ni kwa ajili yake, na kwa fundi wa ndege, na kwa wale ndugu zetu wanaofanya kazi za uwanjani huko ughaibuni, ambao baridi ikianza hupewa koti, buti na bomba la kupulizia dawa, kisha wakaambiwa wapande kwenye gari la kunyanyua. Abiria naye asituache. Huko mbele kuna sehemu yake.

Mgeni wa baridi hudhani hatari ni ile barafu nene yenye uzito. Uzito ndio ubaya wake mdogo kabisa. Bawa hunyanyua ndege kwa sababu hewa inapita juu yake kwa utulivu, ikifuata umbo lake kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Uso huo ukipata ukwaruzo, hewa huachana na bawa mapema na nguvu ya kunyanyua hupotea. Vipimo vya handaki la upepo, ambavyo mamlaka za usafiri wa anga zimevinukuu kwa miaka mingi, vinaonyesha kwamba sakitu, theluji au barafu yenye unene na ukwaruzo wa karatasi ya msasa, ikikaa kwenye ukingo wa mbele na juu ya bawa, inaweza kupunguza nguvu ya kunyanyua kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Mtu wa Makete anaijua sakitu: ule weupe unaokaa juu ya majani asubuhi za Juni na Julai, jua likichomoza unatoweka. Juu ya bawa, weupe huohuo unatosha kuua.

Kuna mambo mawili yanayozidisha ubaya. La kwanza, kengele inayomwonya rubani kwamba bawa liko karibu kuishiwa nguvu imepangwa kwa bawa safi. Bawa likiwa chafu, ndege inaweza kuanguka kabla kengele haijalia. La pili, uchafu haukai sawasawa pande zote. Jua la asubuhi likipiga bawa moja tu, lile jingine linabaki na sakitu yake, na mara magurudumu yanapoacha ardhi ndege inalalia upande mmoja bila rubani kujua kwa nini.

Zamani sheria za Marekani ziliruhusu baadhi ya ndege kuondoka na sakitu iliyosuguliwa hadi ikawa laini. Ruhusa hiyo ilifutwa kuanzia 2010. Ukikutana na mkongwe wa hanga atakayekuambia "isugue tu, mwanangu, itaruka," mpe heshima ya umri wake na usimfuate.

Tuanze na ndege ndogo, maana ndiko wengi wanakoanzia. Kuizuia barafu isishike ni rahisi kuliko kuiondoa. Hanga, hata lisilo na kipasha joto, huizuia sakitu na theluji. Likikosekana, tumia mifuniko ya kitambaa inayotengenezwa kwa umbo la bawa, lakini ivishe juu ya bawa kavu. Ukifunika bawa lenye maji, asubuhi utakuta kitambaa na bawa vimegandana, na utatumia saa nzima kuvibandua. Funika na mkia pia. Wanafunzi wengi hushughulika na mabawa makubwa yaliyo mbele ya macho wakalisahau lile dogo la mkiani, ambalo ndilo linaloshikilia pua ya ndege isizame.

Hanga lenye joto lina mtego wake. Ndege imelala humo usiku kucha, bati lake lina joto la chumba, nje theluji inaanguka. Unaivuta nje, theluji inatua juu ya bawa la vuguvugu, inayeyuka, bawa linapoa, na yale maji yanaganda kuwa barafu ngumu iliyong'ang'ania rangi. Ungeiacha ndege ipoe kwanza milango ikiwa wazi, ile theluji kavu ingeteleza na kupeperuka yenyewe.

Asubuhi ukikuta theluji kavu na nyepesi, chukua ufagio laini uifagie kuelekea nje. Usikimbilie kuimwagia kitu cha moto. Kwenye baridi kali utakuwa unaigeuza kuwa majimaji yatakayoganda tena. Sakitu nyepesi huondolewa na watu wawili wakivuta kamba au mkanda mpana wa kitambaa huku na huku juu ya bawa, kisha unapangusa kwa kitambaa hadi bati ling'ae. Kikwaruzio cha kioo cha gari kiache garini, kwa sababu kitakwaruza bati na kung'oa antena. Dawa ya kioo cha gari inayouzwa kwenye vituo vya mafuta pia haihusiki hapa. Vioo vya ndege nyingi ndogo ni vya plastiki, na spiriti iliyomo humo huvitia nyufa. Maji ya moto ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu yanatiririka hadi kwenye bawaba za flapu na za usukani, yanatulia humo na kuganda. Ukisharuka, usukani unakataa kugeuka.

Jua ni rafiki wa bure. Geuza ndege ili mabawa yote mawili yapate mwanga sawa, kisha subiri. Barafu ikiyeyuka, pangusa maji yaliyobaki kwenye maungio, zungusha usukani hadi mwisho kila upande, chungulia mrija wa kipimamwendo, matundu ya kupimia hewa ubavuni na tundu la kupumulia la tangi la mafuta. Pangaboi nayo ni bawa linalozunguka, ipapase kila panga mbele na nyuma, injini ikiwa imezimwa na funguo zikiwa mfukoni mwako. Vifuniko vya magurudumu kwenye ndege za mafunzo hutolewa msimu wa baridi, kwa kuwa theluji majimaji inayorushwa na matairi hujaa ndani yake, ikaganda, na gurudumu likashikwa. Kama shule yako haijavitoa, uliza.

Na kama uwanja hauna dawa, jua halitoki, na mwalimu anaangalia saa? Ndege inabaki chini. Ada ya somo ilishalipwa, najua, na najua ilitoka wapi. Somo litarudiwa.

Ndege kubwa haina nafasi ya kusubiri jua. Huko ni dawa, yaani glaikoli iliyochanganywa na maji, na inakuja kwa aina nne zenye rangi zake ili watu wasizichanganye. Mbili ndizo utakazozisikia kila siku. Aina ya Kwanza, ya rangi ya chungwa, ni nyepesi, hupulizwa ikiwa moto wa angalau nyuzi 60 pale bombani, na kazi yake kubwa ni kusafisha. Aina ya Nne, ya kijani, ni nzito na hupulizwa juu ya bawa lililokwisha safishwa. Inakaa kama utando, inameza theluji inayotua, kisha kasi ya kuruka huikwangua karibu yote na kuliacha bawa tupu. Ndege za mwendo mdogo hazifikii kasi hiyo, ndiyo maana si kila ndege inapewa ile ya kijani. Fuata kitabu cha ndege yenyewe.

Wewe uliye juu ya gari la kunyanyua, shika haya. Kabla hujafungua bomba, hakikisha rubani amejibu kwamba amefunga viyoyozi, la sivyo mvuke wa dawa utaingia ndani na abiria watadhani ndege inaungua. Puliza kuanzia ukingo wa mbele kwenda nyuma, na ncha ya bawa kuja kiunoni mwa ndege. Usielekeze bomba kwenye mdomo wa injini, kwenye vipimio, kwenye madirisha wala kwenye breki za moto. Ulichofanya kushoto kifanye na kulia, hata kama kulia kunaonekana safi. Kama kazi ni ya hatua mbili, ile dawa ya pili ianze kabla ya ya kwanza kuganda, kwa kawaida ndani ya dakika 3. Dawa nzito isipakwe juu ya barafu, wala juu ya dawa nzito ya zamani iliyokwisha nguvu. Osha kwanza kwa ile ya moto, uanze upya. Mwisho mwambie kapteni mambo manne: aina ya dawa, mchanganyiko wake, saa uliyoanza kupuliza mara ya mwisho, na kwamba ukaguzi umekamilika. Gari liondoke, ndipo umpe ruhusa ya kusogea.

Hiyo saa uliyoanza ni neno zito. Kila msimu wa baridi mamlaka za Marekani na Canada hutoa majedwali ya muda wa kinga: dawa hii, kwenye baridi hii, na theluji ya namna hii, italinda bawa kwa dakika ngapi. Muda huo unahesabiwa tangu tone la kwanza la upulizaji wa mwisho, wala si tangu gari lilipoondoka. Anayehesabu toka mwisho amejizawadia dakika ambazo hana. Aina ya Kwanza peke yake, theluji ikiwa ya wastani, haikupi zaidi ya dakika chache, na kwenye uwanja wenye foleni hizo huisha ukiwa bado wa tano. Zipo hali ambazo jedwali halitoi muda wowote, kama theluji nzito au mvua inayoganda ya wastani kwenda juu. Na jedwali ni makadirio. Upepo mkali, theluji kuongezeka au moshi wa injini ya ndege iliyo mbele hufupisha muda huo. Hivyo tazama bawa lenyewe. Dawa iliyo hai inang'aa na kuteleza. Ukiona imefifia, theluji imekaa juu yake bila kuzama, kazi yake imekwisha. Rudi ukapulizwe tena.

Jijini Washington, tarehe 13 Januari 1982, Boeing 737 ya Air Florida ilipulizwa dawa huku theluji ikianguka, kisha ikasubiri. Hadi inaanza kukimbia zilikuwa zimepita dakika 49. Marubani walikuwa wamejisogeza nyuma ya ndege nyingine wakitumaini joto la injini zake litawayeyushia theluji. Lilichofanya ni kuyeyusha ile theluji ikatiririka na kuganda upya kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Vikinga barafu vya injini havikuwashwa, kwa hiyo vipimio vikaziba na kuonyesha nguvu ambayo injini hazikuwa nayo. Rubani msaidizi aliona mishale haiko sawa, akasema zaidi ya mara moja, na ndege ikaendelea kukimbia. Iligonga daraja na kuzama katika mto Potomac. Walikufa watu 78, wanne kati yao wakiwa kwenye magari yao darajani. Miaka kumi baadaye, Machi 22, 1992, ndege ya USAir ilianguka LaGuardia, New York, dakika 35 baada ya kupulizwa mara ya pili kwa dawa nyepesi. Walikufa 27. Kabla mwaka ule haujaisha, Marekani ililazimisha mashirika ya ndege kuwa na mpango rasmi wa kuondoa barafu na kuhesabu muda.

Hapa mpenzi wa Manchester United atauliza kuhusu Munich. Ajali ile ya ndege iliyobeba timu hiyo, ya tarehe 6 Februari 1958, iliyoua watu 23, wakiwemo wachezaji 8, kwanza ililaumiwa barafu ya mabawa, na Kapteni James Thain akabebeshwa mzigo huo. Ilichukua hadi 1969 kwa uchunguzi wa Uingereza kumsafisha: kilichoikamata ndege ni theluji majimaji iliyotanda kwenye njia ya kurukia, ikaizuia kupata kasi. Basi ukimaliza na mabawa, uliza na hali ya njia.

Sasa nije kwenye ile barafu inayowadanganya hata wazoefu. Chukua chupa ya soda kwenye friji uiweke mezani Dar es Salaam, dakika mbili tu inatoka jasho. Tangi la mafuta la ndege limo ndani ya bawa. Ndege ikitoka kuruka saa kadhaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 50 hasi, mafuta nayo yanapoa hadi chini ya sifuri, na mvua au unyevu ukigusa bati lililo juu ya tangi unaganda, hata kipimajoto cha uwanja kikisoma nyuzi 10 au 15 juu ya sifuri. Barafu hiyo ni angavu. Macho yanaona bawa lililolowa tu. Weupe chini ya tangi utauona hata kwenye viwanja vyetu vya joto baada ya safari ndefu, na vitabu vya ndege nyingi huuvumilia kwa unene wa hadi milimita 3, mradi uko chini ya bawa. Juu ya bawa ni habari nyingine.

Stockholm, 27 Desemba 1991. MD-81 ya SAS ililala nje usiku ikiwa na mafuta baridi mabawani. Asubuhi fundi alipapasa, akaridhika, ila sehemu yenye barafu haikufikiwa na mkono, kisha ndege ikapulizwa dawa. Ndege za aina ile zina injini mkiani, nyuma ya mabawa. Ilipopaa, mabawa yakajipinda kidogo kama kawaida, barafu ikabanduka vipande vipande na kuingia kwenye injini zote mbili. Zikazima kabla ya dakika mbili. Kapteni aliishusha kwenye shamba huko Gottröra, ikakatika vipande vitatu, na watu wote 129 wakatoka hai.

Ushauri wangu hapa ni mmoja, nao si wa kiteknolojia: vua glavu, weka ngazi, papasa. Papasa juu ya tangi, kwenye kiungo cha bawa na mwili wa ndege, na upande wa pili vilevile. Bati lililolowa linateleza chini ya vidole, unahisi mistari ya rangi na vichwa vya ribiti. Penye barafu angavu hutavihisi, utahisi kioo. Mkono utauma kwa baridi, uache uume.

Baada ya dawa, mabaki. Ile nzito ikipakwa mara nyingi bila kuoshwa hukauka ndani ya maungio ya usukani na kuwa unga, na unga huo ukinyeshewa hunywa maji, unavimba na kuganda angani. Fundi wa kampuni inayopaka dawa nzito kila siku aufungue mkia na kuukagua mara kwa mara kama kitabu kinavyotaka, hata baridi ikiwa imekwisha.

Nimeiacha ajali ya Dryden mwisho kwa sababu ndiyo iliyonifanya niamini kwamba dawa si tatizo letu kubwa. Tarehe 10 Machi 1989, Fokker F28 ya Air Ontario ilitua katika uwanja huo mdogo wa Ontario, Canada, kuongeza mafuta. Injini yake ndogo ya mkiani, inayotumika kuwashia zile kubwa, ilikuwa mbovu, na Dryden haikuwa na mtambo wa kuiwashia ndege kutoka nje. Kwa hiyo injini moja ikaachwa inanguruma muda wote, maana ikizimwa hawataondoka. Kanuni za kampuni zilikataza kupuliza dawa injini zikiwaka. Theluji nzito ikaanza. Walishachelewa, abiria wana ndege za kuunganisha, na walipokuwa tayari ikabidi wasubiri ndege ndogo itue kwanza. Wakaondoka na theluji juu ya mabawa. Ilianguka msituni nje kidogo ya uwanja, watu 24 kati ya 69 wakafa.

Angalia mnyororo ule: kifaa kibovu kilichoahirishwa kutengenezwa, uwanja usio na mtambo, ratiba iliyobana. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ndogo inayoeleweka. Jaji Virgil Moshansky, aliyeongoza tume ya uchunguzi, hakuishia kwa marubani. Ripoti yake ya 1992 ilifika hadi kwa kampuni na kwa serikali yenyewe, na ikatoa mapendekezo 191.

Lakini lililonikaa mimi ni hili. Abiria waliiona theluji ile madirishani. Miongoni mwao walikuwamo marubani wawili wa ndege za abiria waliokuwa likizoni, watu walioijua hatari ile kuliko wote mle nyuma. Hawakusema. Mhudumu naye aliiona, na katika kampuni zile za wakati ule haikuwa desturi ya mhudumu kumwambia kapteni habari za mabawa. Sisi tumelelewa kutomkosoa mkubwa mbele za watu, na adabu hiyo ni njema sebuleni. Kwenye maegesho ya ndege igeuze: msaidizi amwambie kapteni, fundi amwambie msimamizi, mpulizaji mwenye mwezi mmoja kazini aseme "bado, kulia hakujaisha." Anayeshauri kusimama hahitaji kuthibitisha kitu. Anayetaka kuondoka ndiye athibitishe kwamba bawa ni safi.

Nawe abiria unayesafiri Januari kupitia Amsterdam, Toronto au New York, ukikaa dirishani karibu na bawa, litazame ndege inapoanza kuelekea njia ya kurukia. Utando wa kijani unaong'aa ni dawa, usishtuke. Ukiona weupe wa theluji au barafu umekaa juu ya bawa na hakuna mtu anayekwenda kuushughulikia, bonyeza kitufe umwite mhudumu, umwambie hasa unachokiona na ni upande gani, kisha umwombe amfikishie kapteni sasa hivi, kabla ndege haijaanza kukimbia.